Mawingu Kiasi na Vipindi vya Jua

Aliyekulia pwani ya Tanzania miaka ya themanini hawezi kusahau utabiri wa hali ya hewa ulikaa wapi katika usiku wake. Ngoma za Radio Tanzania Dar es Salaam zinalia, saa mbili kamili, habari zinasomwa, na mwisho kabisa, watoto wameshaanza kusinzia mkekani, inafika zamu ya hali ya hewa. Msomaji anaizunguka nchi kanda kwa kanda, sisi tunasubiri. Kisha anatufikia: mikoa ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, mawingu kiasi na vipindi vya jua. Upepo wa pwani utavuma kutoka kaskazini mashariki. Bahari itakuwa na mawimbi madogo. Basi. Maneno hayo machache yalitakiwa kututosha sote, kuanzia Horohoro mpakani na Kenya hadi mdomo wa Mto Ruvuma.

Na yalitutosha. Nataka kueleza kwa nini, maana leo nina simu inayonipa hali ya hewa ya Pangani saa kwa saa, na bado kila Novemba joto likianza kupanda naona watu wangu wameachwa peke yao kuliko enzi zile za sentensi tatu.

Kwetu Pangani redio ilikuwa ya babu, National yenye kava la ngozi lililochakaa pembeni. Mawe yake, yaani betri, yalikuwa shida kupatikana, kwa hiyo yakichoka hayakutupwa. Bibi aliyapanga kwenye ungo uleule uliokuwa umeanikiwa dagaa, akayaweka uani, na mchana akayageuza yapate jua pande zote. Jioni yalirudi redioni yakiwa bado na moto mkononi, na sauti iliyokuwa ikikwaruza jana ikatoka safi. Wazee watatu au wanne, wavuvi wote, walifika barazani kabla ya ngoma kulia. Neno "upepo" likishatajwa tu, babu alizima redio kuokoa mawe, na hapo ndipo utabiri wenyewe ulipoanza.

"Wamesema kaskazini mashariki."

"Kaskazi bado hiyo," babu alijibu. "Ni upepo wa matlai unachungulia. Upepo wa umande alfajiri umeusikia? Umelala. Tumo ndani ya tanga mbili, na vuli ikikawia tutapikwa."

Hawakumbishia mtu wa redio. Walichukua neno lake wakaliweka juu ya yale wanayoyajua, kila mmoja akaongeza la kwake: rangi ya mawingu upande wa Pemba, maji ya bamvua yalivyokuja na uzito, kima cha mto, mwembe wa fulani umetoa maua mapema. Mtu wa mjini aliwapa anga ya nchi nzima, wao wakaishusha hadi mlangoni mwao. Walipoondoka, kila nyumba ilijua kesho nani anatoka na nani anakaa kushona nyavu.

Elimu waliyokuwa nayo haikuwa ya kubahatisha. Kusi, inayotoka kusini mashariki, huanza kukaza Aprili na Mei na kuisukuma bahari hadi Septemba. Inapolegea kunakuwa na demani, bahari inatulia na wavuvi wanashiba. Kisha unakuja muda ambao kusi imeaga na kaskazi haijafika, upepo unageuka hivi na hivi, na chombo kinaweza kuelekea upande wowote. Hiyo ndiyo tanga mbili ya babu. Kaskazi yenyewe inashika Desemba, inakwenda hadi Machi. Juu ya pepo hizo walikuwa na hesabu ya Nairuzi: mwaka wa siku 365 uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zinazobaki. Makunduchi, Unguja, bado wanasherehekea kuanza kwa mwaka huo kila Julai, ndio Mwaka Kogwa, na wengi huenda kutazama wanaume wakipigana kwa migomba. Wachache hukumbuka kwamba ile ni kalenda ya kazi. Kwa mwongo wa ngapi tangu Nairuzi, mkulima alijua lini aandae shamba na nahodha alijua lini avute chombo pwani.

Joto la Novemba kwao lilikuwa na mahali pake katika hesabu hiyo. Jua la utosi hupita juu ya Pangani wiki ya kwanza ya Oktoba likielekea kusini, na hurudi kupita tena mapema Machi. Kati ya siku hizo mbili sisi tumo kwenye kiangazi chetu. Ila Novemba ina ubaya wake, kwa sababu upepo umekufa. Februari ni kali zaidi kwa vipimo, lakini kaskazi inapepea. Novemba, mvua za vuli zikikawia, hakuna wingu wala upepo, na hewa ina unyevu wa bahari ambao karibu unaweza kuushika.

Watu walijua la kufanya. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti, na kati ya ukuta na paa palikuwa na upenyo mwembamba kuzunguka nyumba nzima ambao hewa ya moto ilitokea. Mtungi ulikaa pembeni mwa ukumbi juu ya mchanga uliolowanishwa, maji yake yanapoza meno. Saa saba mchana mji ulilala, hata duka lilifungwa mlango mmoja. Usiku bibi alitoa mkeka barazani, na sisi watoto tukalala nje chini ya minazi, tukifunikwa khanga kwa ajili ya mbu. Mwenye mtoto mchanga alimwogesha mara mbili usiku kwa maji ya mtungi. Hakuna aliyeyaita hayo mikakati, wala hakuna aliyehitaji kuambiwa nyuzi ngapi.

Shuleni ndiko nilikofahamiana na upande wa pili, upande wa wale walioandika zile sentensi. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na kibanda cheupe cha mbao kwenye kona ya uwanja, kimesimama juu ya miguu minne, kuta zake zimepangwa vibao vya mshazari ili hewa ipite na jua lisiingie. Ndani vilining'inia vipimajoto viwili vinavyofanana, kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa cheupe ambacho mkia wake ulizama ndani ya kichupa cha maji. Saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu alifungua mlango, akasoma harakaharaka kabla pumzi yake haijavipasha, akaandika. Kisha alikwenda kwenye kipimamvua, akainua kopo la ndani, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji.

Asubuhi moja ya Novemba mwalimu alituita tukizunguke kibanda. Kipimajoto kikavu na kile chenye kitambaa vilikuwa vimekaribiana sana. "Angalieni," alisema. "Kitambaa kinapokauka, kinapoza. Leo hakikauki, kwa sababu hewa imeshajaa maji. Na ngozi yenu ni hivyohivyo. Jasho lisipokauka, mwili haupoi. Mkisikia redio inasema nyuzi thelathini na moja, ulizeni unyevu ni kiasi gani, ndipo mjue mtalalaje." Nilirudi nyumbani nikamweleza babu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndiyo maana nguo haikauki mwezi huu hata ukiianika juani. Mwambie mwalimu wako aje barazani." Mwalimu alikuja, akaja tena na tena. Aliuliza miongo, wazee wakauliza vipimajoto. Nikikumbuka sasa naona pale barazani palikuwa na kitu ambacho vyuo vikuu vinakitafuta kwa miradi, na sisi tulikiona ni maongezi ya jioni.

Zile sentensi tatu nazo zilikuwa na safari yake. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake Nairobi, ikahudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na vituo vyake na upungufu wake. Tanzania ikaunda idara yake mwaka 1978, ikawa wakala mwaka 1999, na tangu 2019 ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kwa hiyo utabiri wa miaka yetu ya themanini uliandikwa na ofisi iliyokuwa bado changa, katika nchi iliyokuwa na uhaba wa kila kitu. Nawaheshimu sana waliouandika.

Na sitaki mtu asome hapa kwamba nataka turudi kule. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja bila taarifa, kikang'oa mikarafuu karibu yote ya kisiwa, na majahazi yaliyokuwa bandarini yakavunjika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinajikusanya baharini na kuelekea pwani yetu, Mamlaka ilikuwa imeshatangaza, ikarudia, ikachora njia yake, na vyombo vikazuiwa kutoka. Tofauti ya matangazo yale na ukimya wa 1872 ni uhai wa watu. Sasa kuna utabiri wa siku tano unaoeleza athari, wenye rangi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na ukitaka unaukuta kwenye simu hata ukiwa ndani ya mashua. Babu angetoa ng'ombe kwa kitu kama hicho.

Tunaelewa pia mambo ambayo barazani hayakuwa na maelezo. Kwa nini vuli mwaka mmoja inafurika na mwaka mwingine haiji kabisa? Mwaka 1999 ndipo wanasayansi walipoieleza kwa kina bembea ya joto ndani ya Bahari ya Hindi. Upande wetu wa magharibi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua zinatujia kwa wingi, kama vuli za 1961, 1997, 2019 na 2023. Ikigeuka, mvua zinahamia kule na sisi tunabaki na jua. Ndivyo ilivyokuwa 2022. Oktoba na Novemba ya mwaka huo Mto Ruvu ulipungua, Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, na watu wakawa wanabeba madumu katika joto ambalo bila maji halivumiliki. Bahari ilikuwa imeonyesha dalili miezi kabla, na Mamlaka ilishatoa mwelekeo wa vuli ya chini ya wastani. Onyo lilikuwepo. Liliingia masikioni mwa wangapi, na likafanyiwa nini, hapo ndipo moyo wangu unaponiuma.

Nilikuwa Pangani Novemba moja ya karibuni, nikakaa ufukweni karibu na pantoni inayovuka kwenda Bweni. Kijana wa ukoo wetu alikuwa anajiandaa kutoka usiku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Bahari inasemaje?"

Akanionyesha simu. "Inasema upepo kilomita kumi na tano kwa saa. Joto thelathini na mbili."

"Upepo gani?"

"Upepo tu, mjomba."

Hana kosa. Ni mvuvi hodari, anajua injini yake na anajua mahali pa samaki kwa namba za GPS. Lakini ile programu haikutoka Mamlaka wala kituo cha Tanga. Ni namba inayokokotolewa na kompyuta mbali sana kwa ajili ya dunia nzima, na hakuna mtu aliyekaa naye kumwambia inashuka vipi hadi kwenye mdomo wa mto wetu, ambako pepo za nchi kavu na za bahari zinapishana alfajiri. Taarifa ya Mamlaka, ile yenye rangi, alikuwa nayo pia, imetumwa kwenye kundi la wavuvi katikati ya matangazo ya kuuza nyavu na salamu za Ijumaa. Hakuifungua.

Nikapanda juu kwenda nyumbani. Nyumba ya babu sasa ni ya matofali ya saruji na bati, bila dari. Tuliijenga kwa furaha, na makuti tuliyaona ni umaskini. Mchana bati linawaka. Usiku, bati likishapoa, kuta zinaanza kutoa joto zililolikusanya tangu asubuhi. Madirisha ni madogo kwa sababu ya wezi, na yamezibwa wavu kwa sababu ya mbu. Feni ipo, umeme ukiwepo. Baraza limezungushiwa ukuta. Minazi ya mbele mingine ilikufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, ugonjwa ambao umeitafuna minazi ya pwani yetu kwa miongo, na iliyobaki ilikatwa viwanja vilipopimwa. Shangazi yangu, ambaye presha inamsumbua, alikuwa amelala sakafuni kwenye saruji tupu, khanga imeloweshwa maji kifuani, akitafuta ubaridi ambao zamani ulikuwa unapatikana hatua tano nje ya mlango.

Wakati huohuo dunia nayo imepanda. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeutaja 2024 kuwa mwaka wenye joto kuliko yote tangu vipimo vianze, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa 1850 hadi 1900. Wazee wachache waliobaki Pangani wanaosema miongo haikai tena mahali pake hawajasoma takwimu hizo, wamezionja. Mmoja aliniambia kaskazi siku hizi anaisubiri kama mgeni asiyetoa ahadi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema elimu yao imepitwa na wakati kwa sababu majira yamebadilika. Huwezi kujua kitu kimesogea kiasi gani kama hujui kilikuwa wapi, na wao ndio wanaojua kilikuwa wapi, kwa mtaa na kwa mwongo.

Nilipitia pia shuleni. Kibanda cheupe hakipo. Imebaki miguu miwili ya chuma yenye kutu, na mahali pa kipimamvua wamejenga darasa. Hata wakikirudisha pale hakitafaa, kwa kuwa kipimamvua kinatakiwa kikae mbali na jengo angalau mara mbili ya kimo cha jengo hilo. Daftari za vipimo za miaka yote ile, zilizoandikwa na watoto kila saa tatu asubuhi, hakuna aliyeweza kuniambia ziko wapi. Zilikuwa kumbukumbu pekee ya joto la mji ule mahali pale, katika miaka ambayo sasa tungetamani kuilinganisha na leo. Hilo silisamehe kwa urahisi. Kizazi changu kilipata bahati ya kuwa na baraza na kibanda kwa wakati mmoja, redio ikiviunganisha, na hatukuandika kitu.

Lakini bado kuna linalowezekana kabla ya vuli ijayo. Utabiri wa joto siku hizi unatoa namba mbili, ya juu na ya chini. Watu wote wanatazama ya juu, ndiyo inayotumwa na kushangiliwa mitandaoni. Kwetu pwani inayoua ni ya chini. Mwili unavumilia mchana mkali ukipata usiku wa kupumzika, na namba ya chini ikikataa kushuka, hewa nayo imejaa unyevu, moyo wa mzee na mwili wa kichanga vinafanya kazi usiku kucha kama mchana. Naomba redio zetu za jamii, Pangani FM na nyinginezo, zisome namba hiyo ya chini kwanza, na ziwe na mzee mmoja mjuzi wa pepo studioni siku Mamlaka inapotoa taarifa, aulizwe inashukaje hadi kwenye mto huu na kisiwa kile, na maneno yake yahifadhiwe. Walimu wa jiografia, simamisheni vibanda tena, na daftari mzifungie kabatini. Nawe msomaji, Novemba hii ukiona namba ya chini imeganda kwa siku tatu mfululizo, usiku huo usilale kabla hujagonga kwa jirani mwenye mzee au mwenye mtoto mchanga. Mwambie afungue mlango wa uani, atoe mkeka nje, wewe ukae naye.